Nilivyofaulu kuielewa pumzi ya chura, mjusi na ndege

Tulikuwa tunamaliza somo la amfibia mwanafunzi mmoja aliponyoosha mkono. "Mwalimu, umesema chura hana mbavu za kuzunguka kifua, na kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, pia hana. Sasa hewa inaingiaje?" Nikamjibu kwamba chura hupumua kwa mapafu na kwa ngozi, kama ilivyoandikwa kwenye notisi zangu. Hakuridhika. "Hivyo ni viungo, mwalimu. Mimi nauliza ni nini kinachoivuta hiyo hewa." Nilimwomba anipe muda.

Mada ile nilikuwa nimeifundisha kwa miaka. Ningeweza kuchora ubaoni, bila kutazama kitabu, mapafu ya chura yaliyo kama vifuko viwili, ya mjusi yenye vijumba ndani, na ya ndege yaliyounganishwa na mifuko ya hewa, kisha nikapiga mishale kutoka picha moja hadi nyingine kana kwamba ni ngazi. Swali la yule kijana lilinionyesha kwamba nilichokuwa nacho ni majina tu. Jioni ile nikaandika maswali mawili ya kumuuliza kila mnyama: ni msuli gani unaoisukuma hewa, na hewa iliyokwisha kutumika inatoka kwa njia ipi? Hayo ndiyo yaliyonifikisha, ingawa yalinichukua miezi.

Nilianza na chura kwa sababu anakubali kutazamwa. Ukikaa kimya karibu na maji kwa nusu saa, utaona ngozi ya chini ya kidevu ikipigapiga bila kukoma. Kwa siku tatu niliamini kila pigo ni pumzi. Nilipotazama kwa subira zaidi nikaona mapigo hayafanani: mengi ni madogo na ya haraka, halafu mara moja moja linakuja moja kubwa, matundu ya pua yanafumba, na ubavu wa chura unavimba kidogo. Niliporudi vitabuni nikaelewa nilichokiona. Yale madogo yanabadilisha hewa ya kinywani tu. Katika lile kubwa, chura kwanza anashusha sakafu ya kinywa na hewa inaingia kwa pua. Kilango cha mapafu kinafunguka na hewa ya zamani inatoka. Kisha pua inafungwa, sakafu ya kinywa inapanda, na hewa inasukumwa ndani. Kwa hiyo chura haivuti hewa kama sisi. Anaimeza, na pampu yake ni kinywa na koo.

Ngozi nayo inafanya kazi kubwa kuliko nilivyokuwa nikifundisha. Kwa vyura wengi sehemu kubwa ya kaboni dioksaidi hutoka nje kupitia ngozi, na wapo salamanda, amfibia wenye mkia, jamii nzima iitwayo Plethodontidae, ambao hawana mapafu kabisa na wanaishi kwa ngozi na utando wa kinywa. Ndiyo maana ngozi ya chura lazima iwe na unyevu, na ndiyo maana naomba mtu yeyote asimshike chura kwa mkono uliokauka au wenye mabaki ya sabuni. Ngozi inayopitisha oksijeni hupitisha na mengine.

Mjusi wa ukutani alinipa somo fupi. Anakimbia, anasimama ghafla, mbavu zinapanda na kushuka, kisha anakimbia tena. Nilidhani anasimama kutazama hatari. Huenda naye anatazama, lakini kuna sababu nyingine iliyoelezwa na mtafiti David Carrier mwaka 1987: mjusi hukimbia kwa kupinda mwili kushoto na kulia, na misuli inayopinda mwili ndiyo hiyo hiyo inayopanua mbavu. Haiwezi kufanya kazi mbili vizuri kwa wakati mmoja. Anapopinda kushoto, pafu la kushoto linabanwa na la kulia linatanuka, hivyo hewa inahamahama ndani badala ya kutoka nje. Nilipofika kwa kenge nikasimama. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba kenge akiwa anatembea huongezea hewa kwa kupiga pampu ya koo. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwamba pampu ya koo ni jambo la chura, lililoachwa nyuma mbavu zilipokuja. Kenge ana mbavu, na bado anaitumia.

Kobe nitamtaja kwa kifupi: mbavu zake zimeungana na gamba, kwa hiyo hazisogei hata kidogo, na anapumua kwa misuli iliyo karibu na mashimo ya miguu. Tazama ngozi pale mguu wa nyuma unapoingia gambani, utaiona pumzi yake.

Ndege ndiye aliyenitesa. Nilijua ndege wengi wana mifuko tisa ya hewa, na nilijua mapafu yao hayatanuki wala kusinyaa kama yetu. Makosa yangu yalikuwa kudhani mifuko ile ni mapafu ya ziada. Siyo. Kuta zake zina mishipa michache mno ya damu, na karibu hakuna oksijeni inayoingia mwilini kupitia kwake. Ni mivukuto, kama ya mhunzi: inafunguka na kufumba, na pafu lililokaa kati linapitiwa na upepo.

Hapo nikakwama. Kila nilipofuata mishale ya kitabuni nilipotea, kwa sababu mchoro mmoja ulikuwa umebeba kuvuta na kutoa pumzi kwa pamoja. Mwishowe niliuacha mchoro, nikachukua karatasi kubwa, nikachora vyumba vitatu: mifuko ya nyuma, pafu, mifuko ya mbele. Nikachukua shanga moja nyekundu iwe hewa ya pumzi moja, na nyingine nyeupe za pumzi zilizotangulia na zitakazofuata, nikaanza kuzisogeza huku nikipumua mwenyewe. Nikavuta pumzi: shanga nyekundu ikapita hadi mifuko ya nyuma. Nikatoa: ikaingia kwenye pafu. Nikavuta tena: ikatoka kwenye pafu ikaenda mifuko ya mbele, wakati shanga nyeupe mpya inaingia nyuma. Nikatoa mara ya pili: nyekundu ikatoka nje. Pumzi mbili nzima kwa hewa moja! Nilirudia mara ishirini, labda zaidi, mpaka mkono ukaenda wenyewe. Ndipo nikaona jambo ambalo miaka yote nililisoma bila kuliona: katika sehemu kubwa ya pafu hewa inakwenda upande mmoja tu, na inapita ndege anapovuta pumzi na anapoitoa. Pafu halisubiri. Kwetu sisi hewa mpya inaingia na kuchanganyika na mabaki ya ile ya zamani.

Nilifurahi kukuta kwamba mwanafiziolojia Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walifuata hewa kwa njia inayofanana, tena kwa mbuni hai. Walimpa mbuni pumzi moja ya oksijeni safi, wakapima mifuko. Oksijeni ilionekana mapema katika mifuko ya nyuma, lakini katika ile ya mbele ilichelewa mpaka pumzi zilizofuata.

Bado nilikuwa na kero moja. Mlango uko wapi? Kitu gani kinaizuia hewa isirudi ilikotoka? Nilitafuta vali kwenye kila mchoro na sikuipata, kwa sababu haipo. Kazi inafanywa na umbo la njia na kasi ya hewa. Hewa inayoingia inakwenda kwa nguvu moja kwa moja na kuyapita matundu ya njia za mbele bila kuingia, kama maji ya mpira yanavyolipita tundu la pembeni yakiwa na kasi. Kwangu hili ni la ajabu kuliko mifuko yenyewe, na nasikitika kwamba mara nyingi linaachwa.

Baadhi ya mifuko huingia hadi ndani ya mifupa. Katika karne ya 18 daktari wa upasuaji John Hunter alionyesha kwamba ndege aliyezibwa koo aliweza kupumua kupitia mfupa wa bawa uliokatwa. Na wapo bata bukini wenye mistari kichwani, wanaohama kwa kuvuka milima ya Himalaya, ambao wamerekodiwa wakiruka juu ya mita 7,000.

Shanga zilinirudishia pia kumbukumbu nzito. Nikiwa mtoto nilimwokota ndege mdogo aliyeanguka, nikamkumbatia kwa mikono miwili, kwa nguvu, nikiogopa ataniponyoka. Alikufa mikononi mwangu kabla sijafika nyumbani. Niliambiwa amekufa kwa hofu. Mivukuto ya ndege hufunguka kwa kuteremka kwa mfupa wa kifua, na kwa kuwa hana kiwambo, ukimbana kifua hana njia nyingine. Pua yake inaweza kuwa wazi kabisa na bado akakosa hewa. Sasa kila mwaka, kabla ya kuandika lolote ubaoni, nawaonyesha wanafunzi jinsi ya kumshika ndege: mabawa yatulizwe, kifua kiachwe huru.

Nilidhani nimemaliza, nikabaki na mamba. Pumzi yake ina msuli unaolivuta ini nyuma kama pistoni, ili mapafu yapate nafasi, na hilo nililifurahia. Kisha nikasoma kwamba mwaka 2010 watafiti C. G. Farmer na Kent Sanders walionyesha kuwa hata kwa aligeta, jamaa wa mamba, hewa hupita mapafuni kwa upande mmoja. Aligeta hana mifuko ya hewa. Miaka michache baadaye jambo hilo likaonyeshwa kwa kenge pia. Maana yake upepo wa njia moja, niliouita siri ya ndege na kuuhusisha na kuruka, unapatikana kwa wanyama wasioruka kabisa, na inawezekana ulikuwepo muda mrefu kabla ya bawa la kwanza.

Nilimtafuta yule kijana. Nikamweleza chura anavyoimeza hewa, nikamwonyesha shanga. Alizisogeza mara tatu, akanyamaza, kisha akauliza, "Na mwalimu, aligeta shanga yake inapita wapi kama hana mifuko?" Tukavuta karatasi nyingine. Safari hii sikupiga mshale wowote kutoka kwa chura kwenda kwa mjusi na ndege. Tulichora pafu moja tu, tukaanza kutafuta njia za ndani.