Kumbukumbu ya mradi wangu: harusi ya Moshi ya muongo wa kwanza wa Uhuru

Mei

Mradi huu ni maandalizi ya harusi yangu, itakayofanyika katika wiki ya mwisho ya Desemba, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, ndugu watakapokuwa wamekwisha kurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Nataka ifanane, kwa kadiri inavyowezekana, na harusi zilizofanyika Moshi mjini na kwenye miteremko ya Kilimanjaro kati ya mwaka 1961 na mwaka 1971. Niliweka mipaka hiyo kabla ya kununua hata kipande cha utepe, kwa sababu mpambaji anayeambiwa tu kwamba wenye shughuli wanataka harusi ya kizamani ataleta karabai, mikono ya gauni iliyofura ya miaka ya themanini na sinia za shaba za pwani, na vyote atavipanga juu ya meza moja.

Muongo wenyewe nimeuchagua kwa makusudi. Unaanza na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipousimamisha Mwenge na bendera ya Tanganyika kileleni Kibo, na unakoma mwaka 1971 ilipotungwa Sheria ya Ndoa, sheria ileile ambayo kwayo mimi na mchumba wangu tutatoa taarifa ya kusudio la kuoana si chini ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Katikati ya miaka hiyo ndipo bibi na babu, wazazi wa mama yangu, walipooana. Picha za harusi za kizamani zinazosambaa mtandaoni ni nyingi na nyingine zinapendeza mno, lakini karibu zote ni za bustani za Uingereza na maghala ya mbao ya mashamba ya Marekani. Zinakumbuka maisha ya watu wengine, nasi tunayo ya kwetu ya kukumbuka.

Juni

Mwezi huu wote umekwenda kwenye picha. Shangazi na mama wakubwa wametufungulia albamu zao, zile za kurasa nyeusi ambazo picha zake zimeshikiliwa kwa vipembe vya karatasi au zimegandishwa kwa gundi. Zilizoshikiliwa kwa vipembe tunazichomoa na kuziskani kwa nukta 600 kwa inchi, kiwango kinachoruhusu picha ndogo kuchapwa kwa upana na urefu mara mbili ya ule wa asili bila kufifia. Zilizogandishwa hazibanduliwi kabisa, maana gundi ya zamani huondoka na ngozi ya picha. Hizo tunazipiga kwa simu, ukurasa ukiwa umelazwa nje kivulini mchana na simu ikiwa sambamba nao, ili mng'ao wa jua usifute sura za watu. Tumekubaliana pia kwamba kila albamu irudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo, kwa kuwa mzee akikukabidhi picha ya pekee ya marehemu mumewe amekukabidhi kitu kisicholipika.

Picha hizo zimekuwa mwalimu wetu. Bwana harusi wa mwanzo wa muongo amevaa suti yenye ukosi mwembamba na tai nyembamba nyeusi; kuelekea mwisho wake suruali zinaanza kupanuka chini na kuwa bugaluu. Gauni la bibi harusi linabana kifuani, kisha linaanguka wima hadi miguuni bila kutanuka, mikono yake ya lesi inafika kwenye vifundo vya mikono, na shela limeshonewa kwenye kikofia kidogo kilichokaa utosini. Mkononi ameshika maua meupe yenye umbo la tarumbeta, yaleyale yanayoota hadi leo kando ya mifereji yetu. Ukumbi hauonekani popote. Kuna uwanja wa nyumbani, migomba nyuma, meza moja iliyotandikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, keki ya tabaka, na wazee waliokaa mbele wakitazama kamera kwa heshima bila kucheka.

Jambo moja lilinisimamisha kwa muda mrefu. Katika picha iliyoandikwa nyuma yake mwaka 1967, sketi za wapambe zinaishia juu ya magoti, ilhali katika picha za miaka mitatu baadaye zimeshuka tena. Tulipomuuliza bibi, alijibu bila kusita: Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU uliitangaza mwaka 1968, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ukapiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Nimefurahi kulijua hilo, kwa kuwa hata urefu wa pindo una historia ya nchi ndani yake. Wapambe wangu watavaa sketi zinazogusa magoti, urefu ambao ungepita kabla ya operesheni na baada yake, na ambao mama zao wataukubali kanisani.

Julai na Agosti

Hii ndiyo sehemu niliyoipa muda mwingi kuliko zote. Bibi amelitunza gauni lake ndani ya sanduku la bati pamoja na vidonge vya nondo, na wengi katika familia walidhani nitalivaa. Sitalivaa. Kitambaa cha begani kinaachia kikivutwa kidogo tu, mishono ya kwapani imechoka, na likipasuka siku hiyo hakuna namna ya kulirudisha. Nimechagua kulinakili. Fundi wetu, mama mwenye uzoefu mkubwa wa cherehani, alilitandaza juu ya shuka safi, akapima kila kipande bila kufumua hata mshono mmoja, akavichora vipande hivyo kwenye magazeti, kisha akashona gauni la majaribio kwa kitambaa cha marekani. Kwenye hilo la majaribio ndiko tulikorekebisha mabega na urefu, na ndipo nilipoelewa kwa nini bibi anaonekana amesimama wima sana katika picha zake: mkato wa mgongoni haumpi mtu nafasi ya kujikunja.

Lesi tuliipata kwenye mitumba ya soko la Memorial, ikiwa bado ni pazia. Wauzaji wengi husema kila kitambaa chao ni pamba tupu, kwa hiyo tulichomoa uzi mmoja na kuuchoma. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, lakini poliesta huyeyuka na ikipoa hubaki kitone kigumu. Tofauti hiyo ilikuwa muhimu kwangu kwa sababu weupe wa vitambaa vya siku hizi una ubluu ndani yake, nao unapowekwa karibu na weupe wa maziwa wa gauni la bibi unaonekana mkali. Pamba inakubali kutiwa rangi kwa chai. Poliesta huikataa au huishika kwa mabaka. Tulichemsha majani ya chai, tukayachuja vizuri ili yasiache madoa, tukailowesha lesi kwanza kwa maji matupu na ndipo tukaizamisha, tukiigeuza muda wote. Iliyolowa huonekana nyeusi zaidi kuliko itakavyokuwa ikikauka, na kwa hiyo kipande kidogo cha majaribio kilitangulia, kikakaushwa, kikalinganishwa na gauni la asili dirishani. Rangi tuliyoipata ni ileile. Nilipoiona nililia, na bibi akanikumbusha kwamba machozi nayo huacha doa.

Suti ya mchumba wangu ilikwenda haraka. Koti lilipatikana kwenye mitumba ya soko la Kiboriloni, likapunguzwa ukosi, na tai nyembamba ilikuwa ya babu yake.

Septemba

Kadi za mwaliko zimechukua sura ya tiketi ya treni. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na katika muongo wetu wageni wengi wa harusi za huku waliteremka stesheni ya Moshi wakiwa na masanduku vichwani; treni ya abiria iliyorudi tena mwaka 2019 imewafanya hata vijana waielewe picha hiyo. Tiketi za enzi hizo zilikuwa vipande vya kadibodi nene vya takribani milimita 57 kwa 31, navyo ni vidogo mno kwa majina ya wazazi wa pande mbili, kanisa na mahali pa sherehe. Tumeongeza vipimo na kuacha uwiano kama ulivyokuwa. Mahali ambapo kadi za siku hizi huandikwa singo au dabo, yetu inasema abiria mmoja au abiria wawili, na kila kadi ina namba yake. Wapokea wageni watazitoboa langoni kwa mashine ya kutobolea karatasi. Mhazini wa kamati, ambaye mwanzoni aliona ni urembo tu, sasa anaipenda kuliko mimi, kwa kuwa namba na tundu vinamwezesha kujua sahani ngapi zitoke jikoni.

Gari ni Peugeot 404 ya mzee mmoja wa hapa mjini, rafiki wa marehemu babu, naye ameitunza tangu ujana wake. Sikutaka gari lingine. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena mwaka 1967, na wazee wa Moshi bado hulitaja gari hilo kwa sauti ya kusifu. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,618 na gia yake iko kwenye nguzo ya usukani, kwa hiyo si kila kijana anaweza kuliendesha. Mwenyewe ndiye atakayeliendesha. Fundi makanika amesafisha kabureta na kubadilisha mipira ya rejeta, na tumepanga msafara uteremke kutoka kanisani badala ya kupanda, ili injini isichemke ikiwa imebeba maharusi na wasimamizi wao.

Muziki utatoka kwenye santuri kwa saa ya kwanza ya sherehe. Tunazo sahani ndogo za mizunguko 45 za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi iliyokwenda hadi Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, za Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na za Atomic Jazz ya Tanga. Kwa ajili ya upande wa mchumba wangu, ambao ni wa Arusha, tutaongeza Simba Wanyika, kwa kuwa ndugu wa Kinyonga walianzisha Arusha Jazz mjini humo kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1971 na kuwa Simba Wanyika. Sahani zimeoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, karatasi ya katikati ikikingwa isilowe, kisha zikarekodiwa kwenye kompyuta ili umeme ukikatika au sindano ikiruka muziki usikome. Mshereheshaji amekubali kutambulisha kila wimbo kwa utulivu, kama watangazaji wa redio walivyokuwa wakifanya, bila kuwapigia watu kelele masikioni. Ombi hilo nililirudia mbele ya kamati ili liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Oktoba

Sherehe itafanyika kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Picha ndizo zilizoamua, ingawa wajumbe kadhaa wa kamati walipendelea ukumbi wenye taa za rangi na vitambaa vya kuning'inia. Nilizichapa picha nne kwa ukubwa, nikaziweka mezani, na wazee wakaanza kutajana majina ya waliomo. Baada ya hapo suala la ukumbi halikurudi. Magunia ya kahawa yaliyooshwa na kuanikwa yatatandikwa kwenye meza za chakula, nayo yana haki ya kuwepo. Kahawa iliyouzwa kupitia KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933, ndiyo iliyolipa ada za shule za wazazi wetu na ndiyo iliyonunua lile gauni la bibi.

Mpambaji alipendekeza majani ya isale yatawanywe mezani na kufungwa kwenye viti kwa kuwa ni ya kijani kibichi, hayanyauki upesi, na yanapatikana bure. Nilikataa, na mjomba akakataa pamoja nami. Isale hupelekwa kwa mtu uliyemkosea ili kuomba msamaha, huashiria amani, na huonyesha mipaka ya vihamba. Haliwezi kuwa pambo la kuwekewa chupa za soda. Litatumika mahali pake tu, ikiwa wazee wataona kuna neno la kupatanisha kati ya koo zetu kabla ya siku yenyewe. Mezani tutaweka yale maua meupe ya mferejini, kwenye mitungi midogo ya udongo.

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, itapikwa na wanawake wa ukoo, na kibuyu cha kwanza kitakwenda kwa wazee kabla ya mtu mwingine kuonja. Keki ya tabaka itakuwepo kama picha zinavyoonyesha, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, itakuwepo pia. Kuhusu taa, karabai zitasimama langoni tu, mbali na turubai na watoto. Ndani tutatumia balbu za umeme zenye mwanga wa manjano, na jenereta litakaa nyuma ya zizi ambako ngurumo yake haitafika kwenye santuri.

Amana ya turubai imelipwa wiki hii, kwa kuwa mvua za vuli zinaweza kuendelea hadi Desemba. Mwenye turubai ameombwa kuleta lile jeupe lisilo na maandishi ya matangazo, na mhazini ameliandika sharti hilo kwenye risiti.