Vanishi imeikunja rangi ya Dakota yangu
Jana usiku niliumia moyo jamani. Dakota yangu, ndege ya mfano ya plastiki, DC-3 ya kipimo cha 1:72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), nimeijenga wiki sita hapa Umoja. Mwili niliupaka rangi ya mafuta, mabawa rangi ya maji. Nikaipulizia yote vanishi ya kopo, ile yenye thina kali. Mabawa yakatoka safi. Mwilini, dakika chache tu, rangi ikaanza kujikunja juu ya madirisha, mikunjo midogo midogo kama utandu wa maziwa yaliyochemka.

Rangi ya mafuta ilikuwa na siku mbili tu. Ukiigusa ni kavu, kumbe ndani bado mbichi, hasa na baridi hii ya Julai, na thina ikapenya ikaiumua.

Nimepiga msasa, nimepaka upya. Sasa nangoja wiki mbili, mpaka niinuse isinuke kabisa, halafu vanishi ya maji, tabaka jembamba baada ya jingine. Kwanza naijaribu kwenye kijiko cha plastiki nilichokipaka rangi ileile.

Mkia bado una mikunjo yake. Sijapata moyo wa kuugusa.