"Run out" au "run out of"? Neno la mwisho lina mwenyewe

Mwenye duka Kayole akikwambia "we have run out", Kiingereza chake ni safi. Akisema "we have run out of unga", ni safi vilevile. Lakini akisema "we have run out unga", au akibandika dirishani karatasi ya "items we have run out", kuna neno limedondoka. Neno lenyewe ni "of", na makosa mengi ya vitenzi vya maneno matatu, hivi ambavyo darasani huitwa "phrasal verbs", huzunguka papo hapo: hicho kihusishi cha mwisho ni cha nani, na kinahitajika lini?

Vitabu vya marudio huvipanga vitenzi hivi kwa orodha: "put up with" ni kuvumilia, "run out of" ni kuishiwa, basi. Mtahiniwa anakariri maana na bado anakwama, kwa kuwa orodha haimwonyeshi kila neno lina kazi gani. Neno la katikati ni mali ya kitenzi. Ndilo linalogeuza maana yake. "Cut" ni kukata, "cut down" ni kupunguza. Neno la mwisho ni mali ya nomino inayofuata. Kwa hiyo mpasuko uko hapa: "cut down / on sugar", "drop out / of school", "catch up / with the others". Msikilize mtu aliyekulia kwenye Kiingereza: sauti inakaza kwenye "down", "out" na "up", halafu "of" inapita mbio hata inasikika kama "v" tu. Anayejifunza kwa sikio analiacha neno hilo kwa sababu halikumfikia.

Kupima ni rahisi. Iondoe nomino; kihusishi nacho kitoke. "I can't keep up with you" inabaki "I can't keep up". Ndivyo ilivyo kwa "give in to", "miss out on", "back out of", "break up with" na "check out of". Ila nomino ikitangulizwa, kama kwenye swali, haijatoka, imehama tu, na kihusishi kinabaki mwishoni peke yake: "Who did she break up with?", "the items we have run out of". Hapa Kiswahili kinatuponza, maana kwetu sentensi haiishii kwenye "na" tupu. Tunasema "aliachana na nani", na nomino inakaa palepale.

Lipo kundi linalokataa kipimo hicho. "Put up with", "look forward to", "come up with", "do away with" na "get away with" yameganda. "I can't put up" haimaanishi siwezi kuvumilia. Kati ya haya, linalosumbua zaidi ni "look forward to", kwa kuwa ndilo linalofunga barua nyingi za kuomba kazi, na wengi huandika "I look forward to hear from you". "To" hiyo ni kihusishi, si ile ya "want to". Ijaribu kwa nomino: "I look forward to Friday" inakubali, "I want to Friday" inakataa. Panapokubali nomino, kitenzi kikija lazima kivae "-ing": "look forward to hearing", "get round to fixing the tap", "own up to taking the money".

Kihusishi cha mwisho si pambo. Kibadilishe na habari inageuka. "Stand up for him" ni kumtetea. "Stand up to him" ni kumkabili ana kwa ana bila kuogopa. Ukichanganya hayo mawili umebadilisha upande kwenye ugomvi. "Catch up with Achieng" ni kumfikia, au kukaa naye mpeane habari; "catch up on sleep" ni kulipa deni la usingizi. "Give up the job" ni kuiacha kazi, "give up on Otieno" ni kumkatia tamaa. Ukivitazama vingi pamoja, vihusishi vyenyewe vina tabia. "With" hupenda mwenza au kitu unachokwenda nacho sambamba. "On" baada ya "down", "up" au "out" hutaja jambo lenyewe: sukari, usingizi, nafasi uliyoikosa kwenye "miss out on". "For" huwa kwa ajili ya mtu au fidia, kama "make up for". "Of" baada ya "out" ni kutoka. Hii si sheria ya kuapia, ila ukibahatisha kwa kuifuata utapata zaidi ya kukosa.

Kwa nini vitenzi hivi vinatutoa jasho? Kiswahili huweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe: panda, shuka, ingia, toka. Kiingereza huchukua kitenzi kimoja mbumbumbu kama "get" na kukipachika "on", "off", "in" au "out". Mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy alizigawa lugha kwa msingi wa tofauti hii hii. Isitoshe, sisi tuna mnyambuliko. Kauli ya kutendua hufanya kazi ya vijineno, yaani yale maneno mafupi ya kitenzi kama "up", "on" na "off": "vaa" na "vua" ni "put on" na "take off". Kauli ya kutendea humeza kihusishi kizima: "hama" ni "move out of", "hamia" ni "move to" au "move into", herufi moja tu, "i", ikifanya kazi ya neno zima. Ukizoea lugha inayomeza vihusishi, utavimeza na vya Kiingereza pia.

Na palipo na kihusishi, chetu ni kipana mno. "Achana naye" inaweza kuwa "break up with him", "leave him alone" au "give up on him", kutegemea nani anamwambia nani. Kuuliza "na" kwa Kiingereza ni nini hakusaidii. Ndiyo sababu "nimechoka na" huzaa "tired with", wakati Kiingereza kinataka "tired of" au "fed up with".

Kwa viwakilishi kuna sheria isiyo na huruma. Kitenzi na kijineno hutenganishwa: "pick up the parcel", "pick the parcel up", lakini "pick it up" peke yake, "pick up it" haipo. Penye kihusishi, kiwakilishi hufuata nyuma: "look after it", "put up with it". Vichache hubeba watendwa wawili, mmoja katikati na mwingine mwishoni: "take it out on me", "talk him out of it".

Sasa mambo ya Nairobi. "I'll pick you at four" na "she's not picking my calls" yanaeleweka kuanzia Githurai hadi Rongai, na hakuna haja ya kumcheka anayesema hivyo. Ni Kiingereza cha Kenya. Lakini kwa Mwingereza "pick you" ni kukuchagua, na sarufi ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo pale andika "pick you up". Kosa la upande wa pili ni kuongeza. "Cope up with" imezaliwa na mwangwi wa "keep up with", "put up with" na "catch up with". "Cope" haichukui "up" kamwe. "Discuss about", "request for" na "emphasize on" zina chanzo kingine: nomino zake kweli hudai kihusishi, "a discussion about", "a request for", "emphasis on", nasi tunakihamishia kwenye kitenzi ambacho hakikihitaji. "Resulted to" ni ndoa ya "resulted in" na "resorted to": ukame "resulted in losses", wakulima "resorted to buying water".

Kwenye maandishi angalia nafasi kati ya maneno. Unafanya "log in to eCitizen", tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kwa sababu "in" ni ya "log" na "to" ni ya eCitizen. Mshukiwa "turned himself in to the police" amejisalimisha. Ukiunganisha ikawa "into", amegeuka kuwa polisi.

Kamusi nzuri za wanafunzi zinayaonyesha haya yote bila maelezo, ila wengi huruka alama zake na kukimbilia maana. Kwenye "run out", "of something" imefungiwa ndani ya mabano: ni ya hiari. Kwenye "put up with somebody" hakuna mabano: lazima. "Something" ikikaa katikati, kama "put something off", kitenzi kinatenganishika. Ikikaa mwisho tu, usikiguse. Unaponakili kitenzi daftarini, nakili na hizo "somebody" na "something" zake mahali zilipo, kisha andika chini yake sentensi moja yenye nomino na nyingine yenye "it".