Kutembea na Darwin masikioni

Jamani, kama kuna namna nzuri ya kumjua mwanasayansi, ni kutembea alikotembea yeye huku unasikiliza habari zake kwenye simu. Nimetembea hivyo kijijini Downe, kusini-mashariki mwa London, alikoishi Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, tangu 1842 hadi alipofariki 1882. Hakuna kiongozi wa kukuharakisha. Ukitaka kusimama, unasimamisha sauti, unaangalia.

Njia yake maarufu, Sandwalk, inazunguka kijisitu nyuma ya nyumba. Darwin alipanga mawe ya gumegume na kila mzunguko alipiga teke moja, ili asikatize mawazo kwa kuhesabu. Nilipenda sana hilo!

Lakini kilichonishika zaidi ni magugu. Mwaka 1857 alisafisha kipande kidogo cha ardhi, akawa anatia alama kila mche unaochipua. Kati ya miche 357, 295 iliangamia, mingi ikiliwa na konokono wasio na gamba na wadudu. Mapambano ya kuishi, yaani viumbe kushindana ili wasiangamie, aliyoyaeleza dunia nzima kitabuni miaka miwili baadaye, aliyaona hapo hapo uani kwake, amechuchumaa. Nami nilichuchumaa, nikakuta jani changa limetobolewa matundu, utepe wa ute bado unang'aa juu yake.

Ukienda, nenda mvua ikishakatika. Ndipo utaona vizuri vichuguu vidogo vya nyungunyungu kwenye nyasi, viumbe aliowachunguza hadi uzeeni.