Rupia ya Mjerumani: ipime kwanza, na usiisugue

Rupia moja ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina gramu 11.66. Iliyochakaa hupungua kidogo tu; mizani ikisoma 10, au sumaku ikiivuta, achana nayo. Vitundu vidogo usoni, ukitazama kwa lenzi ya mara 10, ni dalili ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu. Kujua daraja, yaani imechakaa kiasi gani, angalia manyoya ya tai kwenye kofia ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani: yamefutika kiasi gani?

Tafadhali sana, majivu, ndimu na dawa ya meno visiiguse! Weusi wa uzee ulio juu ya sarafu wanunuzi makini huuthamini, mikwaruzo haiondoki.

Kwa joto la pwani, vifuko laini vya plastiki ya PVC hutoa utelezi wa kijani unaoila sarafu. Tumia vya Mylar, plastiki isiyo na PVC, na pakiti ya silika jeli, inayofyonza unyevu, ndani ya kopo.