Sin 30 haitoi 0.5? Vitufe vinavyoangusha wengi kwenye kikokotoo cha sayansi

Bonyeza sin, 30, kisha =. Kikitoka 0.5, kikokotoo kiko kwenye nyuzi, endelea na kazi. Kikitoka −0.988031624, kiko kwenye radiani. Kikitoka 0.45399 na mkia wake, kiko kwenye gradi, kipimo ambacho pembe mraba ina gradi 100 na ambacho hutakihitaji darasani. Jaribio hili linachukua sekunde tatu, na lifanywe kila unapowasha kikokotoo, hasa cha kuazima. Kuzima hakukirudishi kwenye nyuzi. Kinabaki vilevile alivyokiacha mtu wa mwisho.

Wanaoumia zaidi ni wanafunzi wa kidato cha tano, na sababu inaeleweka. Kwa miaka mingi Basic Mathematics ya kidato cha nne imekuwa ni mtihani wa majedwali, bila kikokotoo chumbani. Kwenye Fizikia na Kemia kinaruhusiwa, mradi kisiwe cha kuandikiwa programu, lakini huko kazi yake kubwa ni kuzidisha na kugawanya. Halafu unafika Advanced Mathematics au BAM (Basic Applied Mathematics), na swali la kwanza mara nyingi ni la kikokotoo tupu: kipeuo ndani ya logi, pembe ndani ya kipeo, au wastani wa data ndefu. Hesabu yenyewe si ngumu. Vidole ndivyo havijazoea.

Maduka ya vifaa vya shule ya Arusha na Moshi yanauza zaidi Casio, au kitu kilichofananishwa na Casio. Angalia herufi zinazofuata namba ya modeli. MS huandika swali mstari wa juu na jibu chini yake, kwa desimali. ES huandika sehemu na vipeuo kama unavyoviandika daftarini, na jibu linaweza kuja kama √3 juu ya 2. Ukitaka desimali bonyeza S⇔D. Tofauti hii si ya sura tu, inabadilisha namna ya kubonyeza.

Mfano ni hicho kipimo cha pembe. Kwenye fx-82MS nyuzi zinawekwa kwa MODE MODE 1. Kwenye fx-991MS ni MODE mara nne, kisha 1. Hapo ndipo msaada wa jirani wa dawati unapoharibu mambo: aliyezoea 82 akimwambia mwenye 991 abonyeze MODE mara mbili na 1, mwenzake anajikuta kwenye SD, hali ya takwimu, na hajui ameingiaje. Kwenye fx-991ES PLUS ni SHIFT MODE 3. Vitufe hivyohivyo vitatu ukivibonyeza kwenye MS vinakupeleka kwenye kufuta kila kitu, na ukimalizia na = kikokotoo kinarudi kama kilivyotoka kiwandani, kumbukumbu zote zimeondoka. Wakati mwingine hicho ndicho unachotaka. Kwenye ES PLUS kazi hiyo ni SHIFT 9 3 =.

Sasa mabano, maana hapa ndipo alama nyingi zinapopotelea. Chukua Kibo kinavyoonekana kutoka Moshi mjini. Kilele kipo mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mji uko chini ya mita 900, kwa hiyo tofauti ni kama kilomita 5. Kwa mstari ulionyooka, umbali ni kama kilomita 30. Pembe mwinuko, ukipuuza mkunjo wa dunia, ni tan⁻¹ ya 5 kwa 30. Kwenye MS ukibonyeza SHIFT tan 5 ÷ 30 = unapata 2.6230. Kikokotoo kimetafuta tan⁻¹ ya 5 peke yake, 78.69, kisha kikaigawa kwa 30. Nyuzi mbili na nusu kwa mlima ule? Kwa mwinuko huo usingeuona juu ya paa la nyumba ya jirani. Bonyeza SHIFT tan ( 5 ÷ 30 ) = upate 9.4623. Ukitaka dakika na sekunde, bonyeza kitufe cha °’” (kwenye MS kitangulie SHIFT), inatoka 9°27°44.36.

ES ina tatizo la upande wa pili. Ukibonyeza tan⁻¹ au log, bano linafunguka lenyewe, na wewe usipolifunga kila kinachofuata kinamezwa ndani. Tuseme akiba ya kikundi inakua kwa asilimia 12 kwa mwaka, riba juu ya riba, na unataka kujua itachukua muda gani kuwa mara mbili. Jibu ni log(2) ÷ log(1.12), yaani miaka 6.116. Usipofunga bano baada ya 2, kikokotoo kinatafuta logi ya hesabu nzima na kukupa 1.6089. Hakilalamiki hata kidogo, na mwaka mmoja na nusu unaonekana kama jibu la kawaida. Hili ndilo kosa baya kuliko lile la Syntax ERROR, ujumbe wa kwamba umebonyeza kwa mpangilio usioeleweka, maana Syntax ERROR angalau inakusimamisha.

Kipeuo nacho kina tabia hiyo. Muda wa pendulamu ya mita moja, 2π√(1÷9.8), ni sekunde 2.007. Kwenye MS ukisahau mabano unapata 0.6411. Kwenye ES inayoandika kama daftari, ukishamaliza kilicho chini ya kipeuo bonyeza mshale wa kulia utoke nje kabla ya kuendelea.

Kuna jambo moja dogo ambalo hata walimu hubishana: 1 ÷ 2π. Ukiandika 2π bila alama ya kuzidisha, Casio inaichukua kama kitu kimoja na kukupa 0.1592. Ukiweka ×, yaani 1 ÷ 2 × π, inakwenda kushoto kwenda kulia na kutoa 1.5708. Usitegemee bahati, weka mabano.

Kitufe cha EXP (kwenye ES kimeandikwa ×10ˣ) maana yake ni “mara kumi kwa kipeo cha”. Kumi imeshakuwemo. Anayebonyeza 6.02 × 10 EXP 23 amepata 6.02×10²⁴, mara kumi zaidi ya alichokusudia. Kinachotakiwa ni 6.02 EXP 23. Tena kuna faida ya pili: namba iliyoandikwa kwa EXP inashikamana. 1 ÷ 2 EXP 3 ni 0.0005, lakini 1 ÷ 2 × 10 ^ 3 ni 500. Kwenye kemia hii inatokea kila wiki. Kwa pH ya myeyusho wenye ayoni za hidrojeni 2.5×10⁻⁴, bonyeza (−) log 2.5 EXP (−) 4 = upate 3.602. Ukigusa ln badala ya log unapata 8.294, na asidi yako imegeuka besi.

Na usishtuke kikokotoo kikikuandikia 5×10⁻³ badala ya 0.005. Hiyo ni Norm 1, mtindo wa kuonyesha majibu, inayobadili namba yoyote iliyo chini ya 0.01. Norm 2 inavumilia hadi 10⁻⁹. Jibu ni lilelile.

Alama ya hasi iliyo kwenye mabano ni ya namba, ile nyingine ni ya kutoa. (−) 3 x² inatoa −9 kwa sababu mraba unatangulia. Ukitaka 9, funga −3 kwenye mabano kwanza.

Nyuzi na dakika zinastahili muda zaidi, hasa kwa swali la dunia kama tufe. Arusha iko karibu na longitudo 36°41′ Mashariki, Moshi 37°20′, na yote miwili iko karibu na latitudo 3°22′ Kusini. Bonyeza 37 °’” 20 °’” − 36 °’” 41 °’” = upate 0°39°0, ambayo ni nyuzi 0.65. Kisha 0.65 ÷ 360 × 2 × π × 6370 × cos 3 °’” 22 °’” = na umbali unatoka kilomita 72.14 (6370 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita). Barabara yenyewe ni kama kilomita 80, kwa hiyo jibu linakubalika, barabara ina kona. Sasa mwanafunzi anayeandika 36°41′ kama 36.41 na 37°20′ kama 37.20 anapata tofauti ya 0.79, na umbali wa karibu kilomita 87.7. Mstari ulionyooka umekuwa mrefu kuliko barabara ya basi! Dakika ni sehemu ya 60, si ya 100, na nukta haiwezi kuziwakilisha.

Jibu la kati usiliandike pembeni na kulikadiria. Kikokotoo kinatunza tarakimu zaidi ya zile kumi zinazoonekana. Ujionee mwenyewe kwa kubonyeza π − 3.141592654 =, haitoki sifuri. Tumia Ans kwa jibu lililopita, na kwa unalolihitaji baadaye weka kwenye A: SHIFT STO A, kisha ulirudishe kwa RCL A. Kwenye ES, STO iko juu ya RCL.

Asilimia, kwa maoni yangu, achana na kitufe chake kabisa. Kwenye ES, 2500 + 15% inatoa 2500.15, kwa sababu alama ile inagawanya kwa 100 tu. Andika 2500 × 1.15. Risiti ya 59,000 yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake, bei kabla ya kodi ni 59000 ÷ 1.18, yaani 50,000. Wanaotoa asilimia 18 ya 59,000 wanapata 48,380 na kumlaumu muuzaji.

Takwimu: kwenye fx-82MS ni MODE 2, kwenye fx-991MS ni MODE MODE 1. Kitu cha kwanza, kabla ya data yoyote, ni SHIFT MODE 1 = ili kufuta data ya zamani. Ukiruka hatua hii, namba za swali la jana zinachanganyika na za leo na wastani unatoka wa ajabu. Kisha ingiza kila namba na kufuatisha M+, ambacho hapa ni DT: tuseme magunia matano ya mahindi yenye kilo 98, 101, 100, 97 na 104. Kila ukibonyeza DT, skrini inaonyesha n, idadi ya data ulizokwisha kuingiza. Mwisho iwe 5. Ikiwa 6, umegusa DT mara mbili. SHIFT 2 1 = inatoa wastani, 100. SHIFT 2 2 = inatoa σn, yaani mkengeuko sanifu, 2.449. SHIFT 2 3 = inatoa σn−1, mkengeuko sanifu wa sampuli, 2.739. Ya kwanza inagawanya kwa 5, ya pili kwa 4, kwa hiyo soma swali: kama magunia hayo ndiyo yote, chukua σn, kama ni sampuli ya ghala zima, chukua σn−1. Data yenye marudio haihitaji kuandikwa mara nyingi: gunia la kilo 100 likitokea mara saba, ni 100 SHIFT , 7 DT, na mkato huo ukiwa na SHIFT unageuka nukta-mkato.

Math ERROR ikitokea, kosa liko kwenye hesabu yenyewe: umegawanya kwa sifuri, umetafuta logi ya namba hasi, sin⁻¹ ya 2, au tan 90. Hata 70! inaleta hiyo, kwa sababu inapita 10¹⁰⁰, 69! ndiyo ya mwisho. Usibonyeze AC haraka. Mshale wa kushoto au wa kulia unakirudisha kielekezi palepale penye tatizo, unarekebisha tarakimu moja na kubonyeza = tena.