Picha kumi na moja

Jana alfajiri nilisimama kwenye kivuko cha barabara, kando ya reli ya zamani, nikingoja treni ya mizigo. Umande ulikuwa haujakauka kwenye mataruma. Kichwa kilipotokeza konani nilipiga picha kumi na moja, na kabla sijazitazama nikasikia nyuma yangu, "Wewe! Nani amekuruhusu?"

Askari wawili. Nikawaamkia, nikatoa kitambulisho na kamera. Kuulizwa hakuniudhi. Nchi iliyozika watu zaidi ya 200 baada ya bomu la Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, Nairobi, ina haki ya kumuuliza mtu mwenye lenzi ndefu anatafuta nini.

Yule mkubwa alipitia picha moja moja, akakwama kwenye gurudumu. "Hii ya nini?" Nikamwonyesha: limejaa grisi na kutu, ila pale linapogusana na reli linang'aa kama sahani ya fedha. Aliitazama kitambo.

"Futa zote."

Nikafuta, yeye akihesabu.

Babu yangu alikuwa mchochea moto kwenye Garratt, injini kubwa za mvuke za reli hii, zile za kundi la 59. Zilikuwa 34, zimeundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja tani 250 na ushei, zikaitwa majina ya milima. Hazikula makaa, zilichoma mafuta mazito, na babu alinuka mafuta hayo hata Jumapili. Moja, Mount Gelai, ipo makumbusho ya reli Nairobi. Imetulia tu. Jinsi zilivyopanda kutoka Mombasa na msururu wa mabehewa nimeiona kwenye picha za watu wasiojulikana waliosimama kando ya reli kama mimi. Babu mwenyewe hana hata moja akiwa kazini.

Na treni ya usiku ya Mombasa, iliyoondoka reli mpya ilipokuja 2017, sikuwahi kuipiga. Niliona ipo tu, haiendi popote. Hilo linaniuma kuliko za jana.

Uingereza wapenda treni wana mwongozo ulioandikwa: stesheni ruhusa, flashi marufuku, usivuke mstari wa njano. Nasi tuandikiwe wapi ni ruhusa na wapi hapana. Nitatii.

Walipoondoka, yule askari kijana alibaki nyuma kidogo. "Hiyo ya mizigo hurudi saa ngapi?"

"Haina saa, afande. Mimi hungoja tu."